Mnahamia Ujerumani Januari na mna mtoto mdogo? Panga Desemba yenu hivi

Hii nawaandikia wale ambao viza imeshatoka au iko njiani, safari ni Januari, mtoto bado ananyonya, na katikati hapo kuna Krismasi ambayo ukoo mzima unawasubiri nyumbani. Natumia mfano wa familia inayotoka Dar, inapanda nyumbani mkoani Kilimanjaro kwa sikukuu alafu inaruka kwenda Ujerumani, sababu ndo njia tuliyopita sisi na binti yetu. Kama nyie ni wa Bukoba au Mbeya na mnaenda Uholanzi mengi ni yale yale, badilisheni tu majina ya vituo.

Msimamo wangu nausema mapema. Makaratasi yote yaishe kabla ya tarehe 15 Desemba, ili siku zinazobaki ziwe za watu na za mtoto. Ukipanda nyumbani na faili bado lina mapengo utakuwa unazunguka kihambani na simu juu unatafuta mtandao wakati wenzio wanakula nyama.

HATUA YA 1: Makaratasi ya mtoto yatangulie ya wakubwa

Watu wanahangaika na vyeti vyao wenyewe, vya mtoto vinakumbukwa mwishoni, na vya mtoto ndo vinachelewesha kila kitu. Kile kikaratasi mlichopewa hospitali mama alipojifungua ni tangazo la kizazi, sio cheti. Cheti kinatoka RITA, unaomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni au ofisi ya wilaya, na kabla hamjabonyeza kutuma kaeni wawili mkisome herufi kwa herufi. Jina la baba kwenye cheti cha mtoto lifanane kabisa na lilivyo kwenye NIDA yake na kwenye pasi yake. Sisi tumezoea, leo unaandikwa Jofrey kesho Geofrey kesho kutwa Godfrey na maisha yanaenda, lakini afisa wa Kijerumani hapo anaona watu watatu na atataka karatasi ya kueleza, na hiyo karatasi utaitafuta ukiwa huko kwenye baridi. Rekebisheni hapa hapa.

Pasi ya kusafiria mtoto anakuwa na yake mwenyewe, hata awe na wiki tatu, haandikwi kwenye ya mama. Inaombwa kwenye mfumo wa Uhamiaji, ada ya pasi ya kawaida ni shilingi 150,000. Kinachosumbua ni picha. Fundi picha wa mtaani atakwambia umshikilie mtoto kwa nyuma, alafu picha inatoka na vidole vyako vitatu begani kwake na inakataliwa. Njia rahisi ni hii: tandika shuka safi lisilo na maua kitandani karibu na dirisha, mlaze mtoto chali akiwa ameshiba, mmoja asimame juu na simu na mwingine akae nyuma ya mpiga picha akichezesha funguo ili mtoto aangalie mbele macho wazi. Piga nyingi, moja itakubali. Ila soma kwanza maelezo ya kila ofisi, sababu rangi ya nyuma na ukubwa wa picha ya pasi sio lazima iwe ile ile wanayotaka ubalozini.

Viza pia ni ya kila mtu na yake, ya mtoto mnasaini wazazi wote wawili. Kama baba ametangulia, ulizeni mapema ridhaa yake inatakiwa iandikwe vipi na igongwe muhuri wapi, msisubiri siku ya miadi. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mtoto mtaulizwa tena mkifika, kwenye manispaa, kwenye bima, kwenye posho ya watoto, kwaiyo tafsiri ya Kijerumani ifanyike na mtafsiri anayetambulika. Kopi za kila kitu mziskani mjitumie kwenye imeili zenu wote wawili. Original zikae begi la mkononi, hazishuki chini ya ndege hata iweje.

Na kalenda muiangalie kwa macho mawili. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru, 25 na 26 ofisi zimefungwa, 1 Januari zimefungwa, 12 Januari ni Mapinduzi, na balozi zina mapumziko ya sikukuu za kwao juu ya hayo. Ukizijumlisha na wikiendi unakuta siku za kazi ni chache kuliko unavyofikiria. Pasi zikirudi na viza ndani, kitu cha kwanza fungua ukurasa uangalie inaanza kufanya kazi tarehe ngapi, sababu kuna watu wanakata tiketi ya tarehe 3 na viza inaanza tarehe 5.

HATUA YA 2: Kliniki, na hapa msikimbie

Kadi ya kliniki ya mtoto ni karatasi ya thamani kuliko nyingi mtakazobeba. Kwetu ratiba inajulikana: BCG na matone ya polio akizaliwa, alafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zile za penta, nimonia, polio na kuhara, alafu surua-rubela miezi 9 na tena miezi 18. Ujerumani wana ratiba yao, na tangu Machi 2020 wana sheria ya surua: mtoto wa mwaka 1 na kuendelea hapokelewi kwenye kitalu cha watoto bila uthibitisho wa angalau chanjo moja, na akifika miaka 2 wanataka mbili. Kwaiyo kama mwanenu anatimiza miezi 9 mwezi huo wa Desemba mpelekeni akachome kabla hamjapanda Moshi. Ya kwetu haina matumbwitumbwi ndani, daktari wa kule atapanga mwenyewe jinsi ya kumalizia.

Kadi zetu zina mwandiko wa haraka, tarehe zimebanana pembeni, penta imeandikwa P1 P2. Nenda kliniki siku ambayo sio ya foleni, muombe nesi kwa heshima, mwambie "dada naomba unisaidie, tunasafiri na mtoto, naomba majina ya chanjo na tarehe ziandikwe vizuri na muhuri." Wengi wanakubali bila shida. Penta iandikwe ina nini ndani: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib. Daktari wa Ujerumani akiona hivyo anaelewa mara moja, hatakurudishia mtoto mwanzo. Na kile kikovu cha BCG mkononi kitajeni wenyewe, wao waliacha kupendekeza BCG kwa watoto mwaka 1998 na daktari kijana anaweza kukishangaa, na zaidi ya hapo kipimo cha ngozi cha TB kinaweza kusoma ndiyo kwa sababu tu ya hiyo chanjo.

Homa ya manjano Ujerumani hawadai cheti. Kama mnaunga ndege kwingine na kulala huko, angalieni masharti ya nchi hiyo, na chanjo yenyewe kwa kawaida ni kuanzia miezi 9.

Sasa malaria, na hili ndo nataka mlishike kuliko yote kwenye hatua hii. Mtoto mtampitisha Dar, Korogwe, Same, mtalala kwa shangazi Moshi mjini, kote huko mbu wapo hata kama kule juu Kibosho au Machame ni baridi na wachache. Malaria inaweza kujitokeza kuanzia kama wiki moja baada ya kuumwa, mara nyingi ndani ya miezi 3, na saa nyingine hata zaidi. Maana yake inaweza kumkuta ukiwa umeshafika. Januari Ujerumani kila mtoto ana mafua, kila mtoto ana homa, daktari atasema ni virusi mpe dawa ya homa akapumzike. Sasa wewe ndo useme, bila kusubiri kuulizwa: tumetoka Tanzania, naomba apimwe malaria leo. Sema leo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 haisubiri kesho asubuhi. Namba za kushika ni 112 kwa dharura na 116117 kwa daktari wa zamu usiku na wikiendi. Na huku nyuma, neti kila usiku, hata mkilala kwa mtu ambaye neti yake ina matundu bebeni ya kwenu, ile ya kukunja ya mtoto haijazi begi.

HATUA YA 3: Kufunga nyumba Dar

Hapa sitakaa sana. Vitu mnavyouza wekeni status mapema Novemba, vinavyokaa sana kuuzika ni makabati na makochi, friji na jiko vinaondoka siku mbili. Mwenye nyumba mpe taarifa kwa maandishi, hata meseji, ili habari ya kodi iliyobaki isiwe ugomvi. Mtafuteni ndugu mmoja mnayemwamini mumuandikie hati ya uwakilishi kwa mwanasheria, kama mna kiwanja au gari au kesi yoyote. Mmoja, sio watatu.

Laini ya simu msiitupe. Meseji za benki zinaingia humo, na mitandao ya pesa imeshikana na hiyo hiyo namba iliyosajiliwa kwa kidole chako, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa alafu kuirudisha kwa alama ya kidole ukiwa Hamburg ni hadithi nyingine. Iwekeni kwenye simu yenye laini mbili, salio kidogo, itumike mara moja moja.

HATUA YA 4: Kupanda Moshi bila kumtesa mtoto

Kila mtu anajua Desemba Dar inahama. Kuanzia tarehe 20 hivi stendi ya Magufuli pale Mbezi haishikiki, wapiga debe wanakuuzia siti ambayo imeshauzwa, na nauli inapanda japo LATRA wanatangaza viwango. Ni kama kilomita 550, na basi linaweza kukaa Segera au Mombo masaa kwa foleni tu. Mkubwa anavumilia, mtoto wa miezi saba hapana.

Ushauri wangu pandeni kabla ya tarehe 18. Kama makaratasi yameisha tarehe 15 kama nilivyosema, hiyo inawezekana. Mkiweza kupata treni ya kaskazini ya TRC, ile iliyorudi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20 ya kimya, daraja la kulala na mtoto ni raha, kuna sehemu ya kumlaza na unaweza kusimama ukatembea naye, ila tiketi za sikukuu zinaisha mapema na treni ina mwendo wake, usiipange siku ambayo una kikao upande wa pili. Kwa basi chagueni linaloondoka alfajiri, siti za katikati sio za juu ya tairi, na mbeleko au kanga mbili zikae mkononi, moja ya kubebea na moja ya kufunika mtoto anyonye bila abiria wa pembeni kugeuka mtazamaji. Mwenye gari binafsi simameni kila masaa mawili. Tochi za trafiki huko Same na Mwanga mnazijua.

Alafu kuna kitu watu hawakifikirii. Tiketi ya kwenda Ulaya si lazima ianzie Dar. KLM, Qatar, Ethiopian na Turkish zimekuwa zikitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na KIA kutoka Moshi ni mwendo mfupi tu. Mkikata kuanzia KIA hamhitaji kurudi Dar tarehe 2 Januari pamoja na nchi nzima, mabegi yote yanapanda na nyie mara moja tu. Linganisheni bei, saa nyingine inazidi kidogo, mi naona hiyo hela ni halali yake.

HATUA YA 5: Sikukuu yenyewe

Kaeni nyie wawili kabla hamjaondoka Dar mkubaliane nani anatembelewa siku gani. Sio kienyeji. Andikeni. Tarehe 25 iwe kwa wazazi wa baba, 26 kwa wazazi wa mama, au kinyume chake, ila ijulikane na itangazwe kwa pande zote mbili kwa simu, na atangaze yule ambaye ni mtoto wa nyumba hiyo. Mkwe asipeleke habari ya kukatisha siku kwa wakwe zake, hapo mnatafuta maneno. Wajomba, mashangazi na baba wakubwa wapewe siku za kati, na mtu mkubwa sana wa ukoo ambaye hawezi kutembea mfuateni mapema wiki ya kwanza, msimuache mwishoni, sababu wiki ya mwisho huwa inaliwa na msiba au harusi ya mtu.

Kama mnataka abatizwe nyumbani pigeni simu parokiani au usharikani tangu Novemba. Desemba kule mlimani ni msimu wa ubatizo na ndoa, mapadri na wachungaji wana foleni, kuna mafundisho ya wazazi na wasimamizi, na wanaweza kuhitaji barua kutoka kanisa lenu la Dar. Cheti cha ubatizo chukueni kabisa kabla ya kuondoka.

Sasa mtoto katikati ya watu. Kwenye nyumba ya Krismasi mtoto anapita mikono kumi ndani ya saa moja, anabusiwa na watu wenye kikohozi, anaingizwa jikoni kwenye moshi wa kuni aone wanavyopika. Huwezi kumkataza bibi asimshike mjukuu anayeondoka, na wala usijaribu. Unachoweza ni kuweka beseni na sabuni pale barazani na kumpa kazi hiyo wifi yako, yule mwenye mdomo, yeye ndo asimame hapo aseme "hakuna kushika mtoto bila kunawa" na watu watacheka na watanawa. Likitoka kwako wewe mama mtoto litaonekana unajiona umeshakuwa Mzungu. Na usingizi wake wa mchana ulindwe, chumba kimoja kifungwe, hata kama sebuleni kuna watu thelathini.

Chakula: mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, hakuna cha kuonjeshwa. Aliyezidi miezi 6 yuko mahali pazuri kuliko Dar, mtori bila chumvi nyingi na bila pilipili, nyama imesagwa, ndizi zimelainika, wanakula mpaka unashangaa. Mbege, ile pombe ya ndizi, hapana, hata tone la kidole, na yupo babu mmoja lazima ajaribu, kwaiyo jua alipokaa. Asali pia hapana mpaka atimize mwaka, inaweza kubeba vimelea vinavyolemaza misuli ya mtoto mchanga, hata iwe ya msituni safi kiasi gani. Waeleze wazee kuwa daktari ndo amesema, inapita vizuri zaidi.

Kuhusu mambo ya ukoo, mzee anaweza kutaka kushika sale, lile jani la baraka la Wachaga, na kuwasemea maneno ya baraka mtoto asafiri salama. Wengine hawana shida, wengine ni walokole na hawataki kusikia. Ongeeni nyie wawili kabla ili mmoja asimwangushe mwenzie mbele ya watu.

Na kuna hili linakuja karibu kila nyumba, jioni, watu wakishatawanyika. Mama mkwe anavuta kigoda anakaa karibu na wewe, mtoto kalala mapajani kwake, anaanza taratibu:

"Mama Neema, mi nilikuwa nawaza. Huko mnakokwenda ni baridi, hamna mtu wa kuwasaidia, hamjajua hata nyumba ikoje. Si mniachie huyu mpaka mjipange?"

Usicheke na usishtuke. Kwake hilo ni pendo, na pengine yeye mwenyewe amelea wajukuu hivyo. Jibu lisiwe la kubishana malezi, liwe la karatasi na la shukrani, kitu kama: "Mama, asante sana, tunajua kwako angekuwa salama kuliko hata kwetu. Shida viza yake imetoka pamoja na zetu, ikipita muda tunaanza upya na haijulikani itachukua miezi mingapi. Na bado ananyonya. Tunaomba mama utuombee, na tukishapata nafasi wewe ndo mgeni wetu wa kwanza." Mume awepo, na aseme sentensi moja ya kuunga mkono kwa mama yake. Moja inatosha. Akikaa kimya, kesho yake utaambiwa ni wewe uliyekataa.

Hapo hapo mpeni bibi njia ya kumuona mtoto. Simu janja ya kawaida, sio ya gharama, WhatsApp imewekwa, picha ya mtoto ndo iwe alama ya namba yenu ili hata asiyesoma vizuri abonyeze sura. Mfanye mazoezi mkiwa bado hapo, mmoja aende mgombani apige video, bibi apokee mwenyewe bila kusaidiwa, mara kadhaa mpaka azoee. Kijana mmoja wa jirani apewe jukumu la bando, mnamtumia yeye hela kila mwezi. Tofauti ya saa kwa majira ya baridi ni masaa mawili, Tanzania iko mbele, kwaiyo saa kumi jioni ya Ujerumani kwa bibi ni saa kumi na mbili, ameshatoka shamba.

Hela. Mtaombwa. Mtu anayepanda ndege anahesabiwa ameshafika. Wekeni bahasha ndogo za wazee, zihesabiwe mapema, zikiisha zimeisha, na wa ada za shule waambiwe ukweli kuwa miezi ya kwanza mtakuwa mnalipa dhamana ya nyumba na bima. Msiahidi laptopu.

HATUA YA 6: Mabegi

Nguo za baridi za mtoto msinunue za dukani Dar, wanauza bei ya ajabu. Nendeni Memorial pale Moshi au Karume Dar, kwenye mitumba ya watoto kuna ovaroli za theluji na kofia za sufu ambazo zimetoka huko huko mnakokwenda. Angalia zipu, nusa kwapa, pindua ndani uone kama bitana imechanika. Chukua saizi moja juu. Nunueni za siku ya kufika tu na wiki ya kwanza, nyingine mtazikuta kule kwenye maduka ya mitumba ya watoto kwa bei nzuri.

Vyakula, watu wanabeba kwa kubahatisha alafu wanamwagiwa uwanja wa ndege. Umoja wa Ulaya hawataki nyama wala maziwa kutoka nje, kwaiyo nyama ya kukausha ya bibi, samli na mtindi vyote vinabaki. Maziwa ya unga ya mtoto na chakula chake cha kopo vinaruhusiwa hadi kilo 2 kama havijafunguliwa, ni vya kiwandani na havihitaji friji. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20, dagaa wenu wafungeni vizuri wasinukishe nguo. Asali hadi kilo 2, ya wakubwa. Matunda na mboga nyingi zinataka cheti cha afya ya mimea, maembe na parachichi achaneni nayo, ila ndizi, nanasi, nazi na tende zinapita bila hicho cheti. Yaani Mchaga anaweza kuingia na ndizi zake Frankfurt kihalali kabisa. Mbeleko na kanga bebeni za kutosha, hizo hamtazikuta.

HATUA YA 7: Siku ya ndege

Mtoto chini ya miaka 2 anakaa mapajani, mara nyingi nauli yake ni kama asilimia 10 ya mkubwa, lakini lazima awe na tiketi yake. Kitanda kidogo cha ukutani kinaombwa kwa simu mara tu mkishakata, siti zake ni chache na kina kikomo cha uzito, kwa mashirika mengi karibu kilo 10 au 11. Ulizeni pia mzigo wa mtoto ni kilo ngapi na kama kigari cha kukunja kinaenda bure, kwa kawaida kinaenda hadi mlangoni mwa ndege.

Wasindikizaji waagane na nyie nyumbani. Mkienda na Coaster nzima KIA mtatumia lisaa limoja kupiga picha na foleni inazidi kurefuka, wachukueni watu wawili tu. Salini nyumbani, lieni nyumbani.

Begi la mkononi la mtoto: pampasi za safari nzima na za kuchelewa juu yake, nguo mbili za kubadilisha za mtoto na blauzi moja ya mama (hii mnaisahau nyote), dawa ya homa, kadi ya kliniki, na ile ovaroli ya baridi. Narudia, ovaroli iwe mkononi, sababu begi kubwa likichelewa mtatoka nje kwenye nyuzijoto sifuri na mtoto kavaa ya Moshi. Maziwa na uji wake unaruhusiwa kupita ukaguzi hata ukizidi mililita 100, watakuambia ufungue waangalie, fungua. Ndege ikipaa na hasa ikianza kushuka mpe titi au chupa, kule kumeza kunafungua masikio. Usimnyonyeshe dakika tano kabla ukammaliza hamu.

HATUA YA 8: Wiki ya kwanza huko

Kama mnapokelewa kwa gari au mnachukua teksi, ombeni mapema kiti cha mtoto, huko kumpakata mtoto kwenye gari ni kosa kisheria. Mkimfunga kwenye kiti mvueni ile ovaroli nene kwanza, mfunikeni juu, sababu ikiwa ndani ya mkanda inauacha umelegea.

Kuandikisha makazi manispaa ni ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, bila hiyo karatasi mambo mengine mengi hayasogei. Daktari wa watoto mtafuteni mapema, wengi wamejaa, pigeni simu kwa kadhaa na mtaje kuwa mmetoka nje na mtoto ana chanjo zake. Atawapa vitamini D ya kila siku, watoto wote wadogo wanapewa, jua la Januari kule halitoshi na kwa ngozi zetu ndo kabisa.

Na mkifika Ijumaa au Jumamosi, kabla hamjalala mmoja akanunue pampasi, maji na mkate. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, labda yale ya stesheni kubwa za treni na vituo vya mafuta, na bei zake mtajionea.